Mkulima wa Mfano na Kichaka cha Mpakani

3 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu tele, zile za kupakiwa kwenye gunia na kushonwa mdomo. Huku sote wazima. Mbuzi wazima, na yule jogoo aliyekuwa anakohoa amepona baada ya mimi kukaa naye na kumsemesha kama mtu na mtu. Mke wangu anakusalimu. Anasema mwambie mama yako asihangaike na kuku wake, wanakula kwetu na wamenenepa hadi wakitembea hatua tano wanakaa kupumzika. Vipi macho yake? Foleni ya hospitali imefika wapi? Mwambie daktari huyo mgonjwa ni dada wa mtu. Akiuliza mtu gani, mwambie avute subira, atamsikia.

Utasema kwa nini sipigi simu. Simu ninayo. Lakini maneno ya simu huishia hewani, na habari hii nataka mtu aikunje aiweke kabatini.

Habari yenyewe: nagombea kuwa Mkulima wa Mfano! Kuna mpango mpya umeingia, unaitwa Shamba Safi. Bwana shamba amekuja na kijitabu chenye vipengele kumi. Ukivitimiza unapewa mbegu na mbolea ya ruzuku, na shamba lako linasahihishwa kama mtihani, alama juu ya mia. Mimi niliyeishia darasa la sita, na unajua niliishia pale kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha, nimekimaliza chote siku moja, tena huku nalima.

Ninachokipenda ni kipengele cha saba. Nakuandikia kama kilivyo: "Vichaka vya mipakani viondolewe vyote, kwani ni maficho ya panya na ndege waharibifu, na ni ardhi isiyotumika." Aliyeandika maneno haya ana kichwa, mpwa. Nikikutana naye nitampa mkono na kuku juu. Bwana shamba anakuja na kamba ya mita tatu, anainyoosha kutoka ukingoni, na kila jani litakaloigusa kamba linakula alama yako moja.

Basi nimesafisha mipaka. Kuna mzizi mmoja tuliufunga ng'ombe wanne wauvute. Mzizi ukawavuta wao. Nikawafungua, nikawaambia kapumzikeni, nikauvuta mwenyewe. Kazi ya watu kumi kwa wiki nimeimaliza kwa siku tatu, na hiyo nusu ya siku ya tatu nilikuwa nimekaa tu nawatazama waliokuja kunitazama.

Sasa nasubiri mvua. Nitapanda maboga mashina mia nne, aina moja, siku moja, kama kijitabu kinavyotaka.

Mjomba wako
(huku wananiita Profesa, ila wewe usianze)


19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inawakuta salama wewe, mke wa mjomba na jogoo wako msikivu. Sisi hatujambo. Mama amepewa tarehe: jicho la kulia ni Aprili, la kushoto Juni. Kwa sasa anaona ukungu tu, kwa hiyo barua zako namsomea mimi. Anakaa kwenye kochi langu, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na ananiamuru nirudie sehemu zote zenye uongo. Ile ya ng'ombe wanne nimeirudia mara tatu.

Mimi bado niko pale pale, ofisi kuu ya kilimo, ghorofa ya nne, watu watatu chumba kimoja pamoja na mashine ya kunakili inayotafuna karatasi. Kazi zenyewe ni za makaratasi, hazina la kusimulia.

Mama ana swali, na amenikaririsha ili nisilikosee. Anasema: "Amesafisha mipaka, mipaka ipi? Shamba lake na langu yanatenganishwa na kichaka alichokipanda mama yetu, kijiti kimoja kimoja. Mizinga yangu mitatu ya nyuki iko humo. Nataka kusikia kwamba kipo."

Mjibu, Mjomba. Nisipompa jibu analiuliza tena kabla ya chai.

Mpwa wako


8 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba mara nyingi. Tumefurahi kusikia kuhusu tarehe ya jicho. Mke wangu amepiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba.

Kaa chini kabla hujasoma hili. Tayari? Alama tisini na sita! Tisini na sita juu ya mia! Zile nne zimeliwa na mchaichai wa mke wangu nyuma ya jikoni, kakataa ung'olewe, kasimama mbele yake na mwiko. Bwana shamba alitaka kubishana naye, nikamshika mkono, nikamwambia wewe bado kijana, rudi nyuma. Lakini mshindi ni mimi tu, wa pili ana sabini na moja. Wameniwekea bango pale njiani: MKULIMA WA MFANO, kwa rangi ya kijani. Bado ni la muda, watalithibitisha Julai wakishaona mavuno. Watu wanapita wanapunguza mwendo. Jana baiskeli mbili zimegongana.

Sasa jibu la dada. Mwambie mizinga yake yote mitatu ipo, mizima, haina hata ufa. Nimeihifadhi stoo kwangu, mahali pakavu, haiguswi na mvua wala mchwa. Kuku wake wametaga. Paa la nyumba yake halivuji. Mlango nimeupaka mafuta. Sijui kuna ndugu gani mwingine anayetunziwa vitu vyake namna hii.

Mvua imeanza na maboga yote mia nne yako ardhini. Yameota kwa mstari ulionyooka hivi kwamba ukisimama kwenye shina la kwanza unaliona moja tu.

Mjomba wako, Tisini na Sita


21 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Tunamshukuru Mungu. Jicho la kulia la Mama limefanyiwa kazi na bandeji imetoka. Jambo la kwanza aliloliona vizuri ni mimi. Akanitazama sana, akasema, "Kumbe umekonda hivi na huniambii." Jambo la pili ni vumbi juu ya kabati langu. Bado herufi ndogo hazioni, miwani ya kusomea itakuja baada ya jicho la pili.

Hongera kwa bango. Mama alicheka kwenye baiskeli.

Ila, Mjomba, barua yako sikuisoma yote kwa sauti. Nilipofika kwenye stoo niliruka, nikaenda moja kwa moja kwa kuku. Yeye aliuliza kuhusu kichaka, wewe umemjibu mizinga. Mzinga hauwekwi stoo ukiwa na nyuki ndani. Swali hili ni langu mimi, yeye hajui kama nimekuuliza: nyuki wako wapi?

Na nikuombe kitu kingine. Usikisifu sana kipengele cha saba.

Mpwa wako


15 Mei

Mpwa wangu,

Salamu zetu zote. Jicho jipya la dada limetupa raha isiyo kifani. Huku mvua ni nzuri, mahindi yamesimama, mbuzi mmoja kazaa mapacha na wote wawili wanafanana nami, mke wangu ndiye aliyesema.

Maboga yamechanua. Mpwa, ungeona! Shamba lote njano. Ukipita asubuhi unalazimika kufumba jicho moja. Mtu mmoja alitoka bondeni akidhani jua limechomoza upande wa kwangu.

Mengine yote ni mazuri. Sina zaidi. Nina shughuli kidogo asubuhi asubuhi, ndiyo maana barua fupi.

Mjomba wako

Mpwa, ni mimi mke wa mjomba wako. Amenipa barua niipeleke posta na mimi nimeifungua. Maua ni kweli, yamejaa. Lakini hayashiki. Kiboga kinatoka kama yai la njiwa, siku tatu kinageuka njano, kinadondoka. Nyuki hakuna. Vipepeo hakuna. Hata nyigu, ambao hakuna anayewapenda, hawapo. Shughuli yake ya asubuhi ni hii: jua likichomoza anachukua brashi yake ya kunyolea ndevu, anatoa unga kwenye ua dume, anapaka ua jike, shina kwa shina, mgongo umepinda. Na anavuma, mpwa. Nimemsikia kwa masikio yangu mawili. Nilimuuliza mbona unavuma, akasema maua hayajazoea kuguswa kimyakimya. Usimwambie nimekuandikia. Na mama yako usimwambie chochote, hilo ni la kaka yake kusema.


4 Juni

Shikamoo Mjomba,

Hatujambo, na jicho la kushoto la Mama ni wiki ijayo. Anakusalimu. Ameanza kuosha vyombo vyangu ambavyo nilidhani vilikuwa safi.

Nina habari mbili, na zote mbili ningependa ukae kama ulivyoniambia mimi nikae.

Ya kwanza. Kipengele cha saba nimekiandika mimi. Si mtaalamu mwenye kichwa, ni mpwa wako, kwenye meza iliyo karibu na mashine ya kunakili. Mkuu wangu alitaka vipengele kumi kufikia Ijumaa, mimi nilikuwa na tisa. Nikachukua kitabu cha zamani cha mashamba makubwa ya kampuni, yale yanayolimwa kwa trekta na kumwagiwa dawa kutoka juu, nikanakili mistari miwili. Sikumuuliza mtu yeyote. Mimi, niliyekuwa nikitoka ndani ya kichaka kile na asali hadi kwenye nyusi, nimeandika kwamba ni ardhi isiyotumika. Kila uliposifu nilitamani kuingia chini ya meza. Kuku wako baki naye.

Ya pili. Kijitabu kinachapishwa upya kwa wilaya zote. Kinaingia mtamboni tarehe kumi na tano Julai. Nimemwambia mkuu wangu kipengele hiki kinaua mashamba. Akanisikiliza hadi mwisho, ni mtu msikivu, kisha akasema: "Haya ni mawazo yako. Niletee maandishi ya mkulima aliyekitekeleza, mwenye jina, na hesabu zake." Mjomba, kwenye mafaili yetu hakuna aliyekitekeleza kama wewe. Tisini na sita!

Niandikie kilichotokea. Mashina mangapi, maboga mangapi, mwaka jana vipi. Najua ukiandika hivyo watakunyang'anya jina. Sikufichi. Lakini ukinyamaza, kuanzia msimu ujao kila kijiji kitang'oa chake.

Nisamehe.
Mpwa wako


16 Juni

Mpwa wangu,

Wewe?

Nimekaa na barua yako siku nne. Mke wangu alidhani nimepata malaria.

Nikusamehe nini? Mtoto wa dada yangu anaandika kitabu kinasomwa na nchi nzima, mimi nilie? Nimekwenda hadi kilabu cha wakulima nikawaambia kile kijitabu kimetoka kwenye damu yangu. Wamenisogezea kiti.

Ila hilo unaloniomba, hapana. Mambo si mabaya kama unavyodhani, na sijui nani amekupelekea maneno, ingawa namshuku mtu mmoja mwenye mchaichai. Maboga yapo. Mengine yamechelewa tu, ni aina inayofikiri kwanza. Bango liko njiani, mpwa. Tangu nizaliwe nimekuwa mdogo wa fulani, mume wa fulani, jirani wa fulani. Sasa watoto wa shule wanasoma jina langu wakipita, wanajifunzia herufi. Unataka nilishushe kwa mkono wangu?

Tafuta mkulima mwingine. Yule wa sabini na moja ana uso wa kukiri.

Msalimie dada. Mwambie kuku wake sasa ni kumi na tisa.

Mjomba wako


29 Juni

Shikamoo Mjomba,

Wa sabini na moja nimemwandikia. Amejibu kwamba hakung'oa kitu, alikisukumia kichaka kwa jirani kwa maneno, akamwambia bwana shamba si chake. Kwa hiyo umebaki wewe.

Sitakubembeleza. Nina taarifa moja tu. Jicho la kushoto limekwenda vizuri kuliko la kwanza. Miwani ya kusomea imeagizwa na itakuja wiki hii. Mama amesema barua yoyote itakayofika kutoka kwako, isifunguliwe na mtu. Anataka kuisoma mwenyewe, ya kwanza kuisoma kwa miaka minne. Amekwishaandaa mahali pa kukaa, kochi limesogezwa dirishani.

Sijui utaandika nini. Ninachojua, atakayeisoma si mimi.

Mpwa wako


7 Julai

Dada,

Kama miwani imefika, shikamoo. Nakuandikia wewe, na namwomba mpwa wangu, ukishamaliza kuisoma, aichukue barua hii hii aipeleke ofisini. Mambo ni mamoja, hakuna haja ya kuyaandika mara mbili.

Uliondoka Januari. Wiki ya pili baada ya wewe kupanda basi nilikikata kichaka cha mama. Chote, kutoka barabarani hadi kwenye kijito. Sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu lako.

Hakukuwa na ng'ombe wanne wala mzizi. Vilikuwa vijiti vyembamba vilivyosongamana, panga lilipita bila shida, na hilo ndilo lililoniuma baadaye, kwamba kiliniachia kirahisi. Humo ndani nilikuta viota kumi na vinne. Nilivihesabu kisha nikavichoma pamoja na matawi. Kinyonga mmoja alitoka akasimama katikati ya shamba tupu, hakujua aende rangi gani. Mizinga yako niliibeba mchana, jambo ambalo hata mtoto anajua halifanywi. Nyuki waliniuma mara ishirini na kitu, wakakaa kwenye ukuta wa stoo siku mbili, wakaondoka. Sijui walikokwenda. Nilikwenda kuwatafuta hadi ng'ambo ya kijito.

Sasa hesabu, hii ni ya ofisi. Mwaka jana nilipanda maboga mashina mia moja na ishirini, kichaka kikiwepo. Nilivuna maboga mia mbili na kumi. Mwaka huu, mashina mia nne, mbegu bora, mbolea bora, mvua nzuri. Nimevuna sitini na moja. Kati ya hayo, arobaini na tatu nimeyapaka unga mwenyewe kwa brashi, kila asubuhi kwa wiki tano, na mgongo wangu haujanyooka hadi leo. Yaliyoshika yenyewe ni kumi na manane. Mahindi yameliwa na viwavi zaidi ya miaka yote, maana ndege waliokuwa wanawala walikuwa wapangaji wa kichaka. Panya ndio kwanza wamezidi, wamehamia stoo. Na maji ya mvua yamechimba mfereji pale mpakani, udongo wa juu umekwenda upande wako, Dada. Kwa hiyo shamba lako limenenepa. Hilo peke yake ndilo jema.

Alama nilizopewa ni tisini na sita. Bwana shamba hakukosea, alifuata kijitabu. Kijitabu kinapima usafi. Wadudu hakiwahesabu.

Bango wakitaka walichukue. Sikuongeza kitu katika haya. Mke wangu amesoma kabla sijafunga bahasha, akaniuliza kama naumwa.

Mdogo wako


18 Julai

Shikamoo Mjomba,

Barua ilifika Jumamosi. Mama aliifungua kwa kisu cha mezani, taratibu, akakaa dirishani. Aliisoma mara mbili. Mara ya pili alikuwa anafuata mistari kwa kidole. Kisha akaikunja, akaniuliza, "Na wewe ndiye uliyeandika kile kijitabu?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama tena kwa macho yote mawili. Mjomba, nilikuwa na nafuu alipokuwa haoni. Baada ya hapo akauliza jambo moja tu: basi linaondoka saa ngapi.

Atafika kwako tarehe ishirini na sita, panapo majaliwa. Kuhusu wewe hajasema neno, zuri wala baya. Usiniulize, sijui.

Ofisini: mkuu aliisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye brashi alikaa. Tulikuwa na siku nne kabla ya mtambo. Kipengele cha saba sasa kinasema: "Kichaka cha mpakani ni sehemu ya shamba. Kisiondolewe. Kitahesabiwa kama ardhi inayotumika, na shamba lenye kichaka lisipunguziwe alama wala ruzuku." Chini yake kuna hesabu zako, za mkulima mmoja ambaye hakutajwa jina. Mimi nimeandika taarifa ya kosa na kuweka sahihi yangu. Wamenihamisha meza, sasa niko karibu zaidi na mashine.

Jina la Mkulima wa Mfano wamelifuta, Mjomba. Bwana shamba atakuja kuchukua bango. Amesikitika kuliko wewe, nadhani.

Mpwa wako


20 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na hiyo "sote" safari hii nitaieleza.

Mama yako alishuka kwenye basi na mzigo mkubwa umefungwa kwa gunia lililoloa. Nilimpokea, nikampa shikamoo, akanipa begi dogo nibebe. Neno hakuna. Akaenda moja kwa moja mpakani, akasimama pale palipokuwa kichaka, akatazama kutoka barabarani hadi kijitoni kwa macho yale tuliyoyaombea. Mimi nimesimama nyuma na begi. Kisha akaingia kwake akafunga mlango ule nilioupaka mafuta, kwa hiyo haukutoa hata sauti.

Kwenye gunia kulikuwa na vipandikizi. Mke wangu ndiye aliyeambiwa, mimi sikuambiwa. Amevikata kila alipopita huko mjini, kwenye nyua za watu, hospitalini, hata nje ya ofisi yako, askari wa getini akamshikia tawi. Akavichomeka kwenye ndoo kivulini. Kila siku anavimwagilia maji. Kila siku anapita mbele yangu kana kwamba mimi ni mchongoma.

Mimi nikachukua jembe. Nikaanza kuchimba mashimo, mpaka mzima. Nilimsalimia asubuhi, hakuitika. Nilimrudishia kuku wake kumi na tisa, akawahesabu, akaingia nao. Niliwahi kumsimulia mke wangu hadithi kwa sauti kubwa karibu na dirisha lake, ile ya jogoo, anayoipenda. Dirisha likafungwa. Siku ishirini na tatu, mpwa! Mimi sijawahi kunyamaziwa hata na jiwe.

Jana akaja bwana shamba na wakulima kama kumi na watano kutoka vijiji vya juu. Wamekipata kijitabu kipya, wametaka kuliona shamba la zile hesabu. Bango limeshaondoka, imebaki nguzo. Yule bwana shamba hakunifichia siri, aliwaambia tu, "Ndiye huyu." Wote wakanigeukia.

Nikawaonyesha kila kitu. Mfereji wa maji, mahindi yaliyotobolewa, mizinga mitatu mitupu. Wakaniomba na brashi, nikaitoa. Mzee mmoja akauliza, "Ulikuwa unavuma kweli?" Nikavuma kidogo wasikie. Na nilipoona wanasikiliza vizuri, wengine wameweka mikono kiunoni, ulimi ukaniponyoka. Nikasema, jamani, msidhani kilikuwa kichaka cha mchezo. Hakuna mkulima nchi hii aliyeng'oa kichaka kama changu. Kilikuwa kirefu kama nyumba ya ghorofa. Ukiingia asubuhi unatoka jioni na ndevu. Ndege walikuwa wanapotea njia humo.

Ng'ambo ya mashimo, kwenye shamba lake, dada alikuwa ameinama anapalilia. Hakuinuka. Akasema, "Muongo. Kilinifika begani."

Watu wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka, mpwa. Nilibaki nimeshika brashi. Nimeitwa muongo tangu utotoni na watu wa kila namna, na sijawahi kulipokea neno lile kama zawadi hadi jana. Nikamwambia, "Begani, Dada, nakubali. Begani." Akasema, "Na upande wa kijito hakikufika hata kiunoni, mbuzi wako walikuwa wanakila." Nikasema kweli. Nikaogopa kuongeza la tatu.

Wageni walipoondoka akaja hadi mpakani na ndoo moja ya vipandikizi. Akautazama mstari wangu wa mashimo, siku ishirini na tatu za kazi, umenyooka kama kamba ya bwana shamba. Akatingisha kichwa.

"Umeyabananisha," akasema. "Mama aliacha nafasi ya mtu kupita. Fukia, uchimbe upya."

Nafukia, mpwa. Barua hii naiandikia mpakani, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, na yeye yuko hapa ananihimiza nimalize.

Mjomba wako